Kupima kama lami itastahimili maji kwa miaka: mwongozo kamili kwa maabara ya Goma

Malalamiko ni yale yale. Ripoti ya maabara inasema uwiano (nguvu ya lami iliyopitia maji kugawanya kwa nguvu ya lami kavu) ni 0.88, kazi inapokelewa, mvua za Machi zinapita, za Septemba zinapita, na kufika msimu wa tatu magurudumu yameanza kuchimba. Mtu anarudi kwenye ripoti, anakuta kila kitu kimejazwa vizuri.

Mara nyingi kosa haliko kwenye presi ya kuvunjia. Liko nyuma yake: silinda zilishindiliwa kupita kiasi, au hazikushiba maji inavyotakiwa, au hakuna aliyetazama ndani yake baada ya kuvunjika. Mwongozo huu unafuata kipimo cha T 283 cha AASHTO, shirika la Marekani la kanuni za barabara, ambacho maabara nyingi zinakijua, lakini unakaa zaidi pale ambapo watu wa Goma wanakwama. Humu nikisema bitumi ninamaanisha ile gundi nyeusi peke yake. Lami ni mchanganyiko mzima, pamoja na kokoto na vumbi.

Vifaa vya kuweka tayari

- Lami ya kutosha silinda 15, yaani kama kilo 25 ukijumlisha na ya kupimia msongamano (silinda 12 za hatua ya 10 hazimo humu)
- Tanuri lenye feni linaloweza kushika nyuzi 60, 85 na joto la kushindilia
- Nyundo ya Marshall na moldi zake za kipenyo cha milimita 100 hivi
- Mizani inayosoma gramu 0.1, yenye ndoano chini ya kupimia ndani ya maji
- Pampu ya kunyonya hewa, chombo kinene kisichobonyea, na geji yake
- Friza inayofika nyuzi −18
- Mabeseni mawili ya maji yanayojidhibiti joto: moja nyuzi 60, jingine nyuzi 25
- Presi inayoshuka milimita 50 kwa dakika (ile ya Marshall inatosha), pamoja na vipande viwili vya chuma vilivyokunjwa kufuata umbo la silinda
- Plastiki nyembamba ya kufungia, mifuko, na bomba la sindano la mililita 10
- Maji yaliyotoneshwa, yaani ya mvuke uliopozwa
- Barometa
- Feni ya kawaida na tochi

Tochi na barometa hazimo kwenye orodha za kawaida. Hapa huwezi kufanya kazi bila hivyo.

Mambo matatu ya Goma kabla ya hatua ya kwanza

*Mwinuko.* Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mji unapanda kutoka hapo. Hewa yetu inasukuma kwa takriban kilopaskali 85, si 101 kama ya pwani. Matokeo ni mawili: maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, na geji ya pampu inasoma tofauti na meza zilizotengenezwa kwa maabara za mabondeni.

*Maji.* Maji ya bomba hapa yanatoka ziwani, na maji ya Ziwa Kivu yana bikaboneti nyingi na alkali. Hili si jambo dogo. Kuna kipimo cha zamani, cha Riedel na Weber, ambacho hutumia maji yenye kaboneti ya sodiamu kwa makusudi ili kuivua bitumi kwenye mawe. Ukichemsha lami yako kwenye maji ya ziwa, umejiwekea kipimo chako mwenyewe ambacho hakuna mtu mwingine anaweza kukilinganisha na chake. Tumia yaliyotoneshwa.

*Jiwe.* Lava ya Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji, ina silika kidogo sana, na kwa kawaida mawe ya namna hiyo hushikana na bitumi vizuri kuliko granaiti au kwatziti. Ndiyo maana wengi hawana wasiwasi nalo. Lakini lava hiyo imejaa matundu, na kokoto za machimbo yetu, hasa zile za kugongwa kwa nyundo, huja na vumbi na udongo wa majivu uliogandia. Bitumi inashika vumbi, vumbi halishiki jiwe.

Hatua ya 1: Chemsha kwanza

Hiki ni kichujio tu, kinakuokolea wiki nzima. Chukua takriban gramu 250 za lami ikiwa bado ya moto, tumbukiza kwenye maji yaliyotoneshwa yanayochemka, acha dakika 10. Ondoa utando wa bitumi unaoelea juu kabla ya kumwaga maji, la sivyo utarudi kupaka mawe na utadhani yamebaki salama. Mwaga, tandaza kwenye taulo ya karatasi, acha ikauke.

Ikiwa zaidi ya asilimia 95 ya uso wa mawe bado imevikwa bitumi, endelea. Ikiwa chini ya hapo, simama, shughulika na mawe kwanza.

Kumbuka maji yetu yanachemka kwa joto la chini, kwa hiyo kipimo hiki Goma ni kipole kidogo. Lami iliyofeli hapa imefeli kweli. Iliyofaulu, bado hujajua lolote la maana.

Hatua ya 2: Ipe lami muda wa kunywa

Acha lami ipoe kwenye sinia kwa saa 2. Iweke tanurini nyuzi 60 kwa saa 16, kisha ipandishe hadi joto la kushindilia kwa saa 2.

Usifupishe zile saa 16 hata msimamizi akipiga simu. Lava yenye matundu inaendelea kunywa bitumi polepole, kama inavyofanya kwenye lori na barabarani. Ukishindilia mapema unapima lami yenye bitumi nyingi juu ya jiwe kuliko itakayokuwapo mwezi ujao.

Hatua ya 3: Pima msongamano wa juu kabisa, kisha kausha

Hapa ndipo maabara nyingi za mji huu zinapoteza kipimo bila kujua, kwa hiyo tusiende haraka.

Msongamano wa juu kabisa ni ule wa lami isiyo na tundu hata moja la hewa. Unaupata kwa kunyonya hewa kwenye lami iliyochambuliwa ikiwa ndani ya maji. Shida ni kwamba maji nayo yanapenya kwenye nyufa ndogo za bitumi na kuingia ndani ya matundu ya jiwe. Ujazo unaonekana mdogo kuliko ulivyo, na msongamano unatoka mkubwa kuliko ukweli.

Tuseme umepata 2.55 wakati ukweli ni 2.52. Silinda yako ina msongamano wa 2.365. Kwa hesabu yako matundu ya hewa (1 toa 2.365 ÷ 2.55) ni asilimia 7.25, uko ndani kabisa ya kiwango. Kwa ukweli ni 6.15. Silinda imebana kuliko unavyodhani, maji hayapati njia, na uwiano unatoka mzuri. Ripoti nzuri, barabara mbovu.

Dawa ni kukausha. Baada ya kupima, mwaga maji kwa uangalifu usipoteze vumbi, tandaza lami kwenye sinia mbele ya feni, pima uzito kila dakika 15 huku ukiigeuza. Uzito ukishuka kwa chini ya asilimia 0.05 kati ya vipimo viwili, huo ndio uzito unaoutumia kutafuta ujazo badala ya ule wa mwanzo. AASHTO inashauri hivi kwa mawe yanayonywa maji zaidi ya asilimia 1.5, na kokoto za lava yenye matundu huvuka hapo kwa urahisi.

Hatua ya 4: Shindilia hadi asilimia 7 ya hewa

Kiwango ni 7.0, kuongeza au kupunguza 0.5. Vipigo 75 kila upande vitakupeleka mbali chini ya hapo, kwa sababu hivyo ni vya kubuni mchanganyiko. Tengeneza silinda tatu za majaribio kwa vipigo 20, 30 na 40, chora mstari, usome vipigo vinavyokupa 7.

Kwa nini 7 na si 4? Kwa sababu lami iliyotoka tu kushindiliwa na rola huwa karibu na hapo, na ndio wakati maji yanaingia kwa urahisi zaidi.

Pima kila silinda mara tatu: kavu hewani (A), imelowa na kufutwa uso (B), ndani ya maji (C). Ujazo ni B toa C. Msongamano ni A gawanya kwa ujazo huo. Fanya haya baada ya silinda kukaa siku moja kwenye joto la chumba.

Silinda iliyotoka nje ya kiwango iweke pembeni. Usiibembeleze.

Hatua ya 5: Gawa makundi

Kundi la kavu tatu, kundi la maji tatu. Wastani wa matundu ya hewa wa makundi yote mawili uwe sawa. Ukipeleka zilizobana upande wa maji, umeshaamua jibu.

Hatua ya 6: Shibisha, lakini usivimbishe

Lengo ni maji yajaze asilimia 70 hadi 80 ya matundu ya hewa. Hesabu uzito wa kulenga *kabla* ya kuwasha pampu, na uuandike kwa chaki ya mafuta juu ya silinda yenyewe.

Mfano. Silinda kavu ina gramu 1,175. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 497. Matundu ya hewa ni asilimia 7.0, yaani sentimita za ujazo 34.8. Asilimia 70 yake ni gramu 24.4 za maji, asilimia 80 ni gramu 27.8. Kwa hiyo silinda ikitoka kwenye maji na kufutwa uso, mizani isome kati ya 1,199.4 na 1,202.8. Dirisha ni gramu tatu na nusu tu.

Sasa geji. Kanuni inataka shinikizo kamili la kilopaskali 13 hadi 67 ndani ya chombo, kwa dakika 5 hadi 10. Geji nyingi hazisomi shinikizo kamili. Zinasoma umeshuka kiasi gani chini ya hewa ya nje. Pwani, ambako hewa ni 101, sindano husimama kati ya 34 na 88. Goma, ambako hewa ni 85, sindano isimame kati ya 18 na 72.

Fundi aliyebandika ukutani meza ya pwani akiitafuta 88 hataipata kamwe, kwa sababu hewa yote iliyopo hapa haifiki 88. Pampu itanguruma, silinda itavuta maji kupita kiasi, na yeye atasema pampu ni mbovu. Soma barometa asubuhi, toa, andika namba ya siku hiyo kando ya geji.

Anza na mvuto mdogo kwa dakika 5, funga pampu, acha silinda ndani ya maji dakika 5 hadi 10 nyingine, itoe, ifute, ipime. Haijafika 70? Rudia. Imepita 80? Itupe. Maji yaliyoingizwa kwa nguvu yameshaipasua ndani kabla ya kipimo kuanza, na hakuna kuikausha ukaitumia tena.

Hatua ya 7: Baridi, kisha moto

Funga kila silinda kwa plastiki ikibana vizuri, iingize kwenye mfuko pamoja na mililita 10 za maji, iweke kwenye friza nyuzi −18 kwa saa zisizopungua 16. Ikitoka, iende moja kwa moja kwenye beseni la nyuzi 60 kwa saa 24. Vua mfuko na plastiki mara tu inapoingia majini.

Kila mwanafunzi anauliza: barafu ya nini hapa, tunajenga kileleni mwa volkano? Barafu si ya kuiga hali ya hewa. Maji yakiganda yanatanuka na kusukuma kuta za matundu kutoka ndani, na hiyo inasimama badala ya kazi ambayo malori yanaifanya kwa miaka, yakibana maji kwenye lami na kuyanyonya tena kila gurudumu linapopita.

Umeme ukikatika katikati ya saa 16 na friza ikapanda joto, hesabu saa upya kuanzia inaporudi −18. Ukikatika wakati wa beseni la nyuzi 60 na maji yakapoa, silinda hizo zimekwisha, tengeneza nyingine.

Kama huna jenereta ya kuaminika, achana na friza kabisa ufuate kanuni ya Ulaya, EN 12697-12: nyonya hewa hadi shinikizo kamili la kilopaskali 6.7 kwa dakika 30, acha ndani ya maji dakika 30 nyingine, kisha beseni la nyuzi 40 kwa takriban saa 70. Ni halali. Ila usichukue uwiano wa njia hii ukaulinganisha na wa njia ya barafu, na usichanganye hatua za zote mbili.

Hatua ya 8: Vunja

Makundi yote mawili yakae nyuzi 25 kwa saa 2. Yale ya kavu yafungwe yasiguse maji. Laza silinda kwa ubavu kati ya vile vipande vya chuma, presi ishuke milimita 50 kwa dakika, andika nguvu ya juu kabisa kwa nyutoni.

Nguvu ya kustahimili kuvutwa, kwa kilopaskali = 2,000 × nguvu ya presi ÷ (3.1416 × unene × kipenyo), vipimo vikiwa milimita. Silinda kavu ya unene 63.5 na kipenyo 100 iliyovunjika kwa nyutoni 6,500 ina kilopaskali 652. Mwenzake wa majini aliyevunjika kwa 5,400 ana 541. Uwiano 0.83.

Mpaka wa kukubali ni 0.80. Lakini tazama na namba zenyewe. Lami dhaifu inayovunjika kwa 250 kavu na 220 majini ina uwiano wa 0.88, na hakuna mtu angetaka kuiendesha lori juu yake.

Hatua ya 9: Pasua, utazame ndani

Kama utaruka hatua moja, isiwe hii.

Fungua silinda ya majini kwa mikono kufuata ufa. Unatafuta mawe yaliyovuliwa bitumi. Kwa granaiti ni rahisi: jiwe jeupe linakutazama. Lava yetu ni nyeusi, bitumi nyeusi, na vyote vikilowa vinang'aa sawasawa. Fundi anatazama dakika moja, anaandika "hakuna kubanduka", anaosha mikono.

Weka nusu zote mbili mbele ya feni mpaka zikauke kabisa. Zima taa ya dari. Shika tochi chini, mwanga ukipita kwa kuinama juu ya uso. Bitumi inang'aa, jiwe tupu likikauka linakuwa la kijivu na halirudishi mwanga. Matundu ya lava yatakuonyesha zaidi: ndani ya tundu lililovuliwa utaona ukingo wa bitumi umejikunja kama ngozi ya maziwa.

Tenganisha jiwe *lililovunjika* na jiwe *lililovuliwa*. Lililovunjika lina kingo kali, uso mpya, na mara nyingi nusu yake ya pili iko upande wa pili wa silinda ikilingana nalo. Hilo si kosa la maji. Lililovuliwa linaacha tundu lenye umbo lake upande wa pili, nalo lina uso wa zamani wa mashine ya kusagia.

Toa alama kutoka 0 (hakuna kubanduka) hadi 5 (kumebanduka vibaya kabisa), piga picha kwa mwanga ule ule kila mara. Uwiano wa 0.85 wenye alama ya 3 ninaukataa, hata kama kanuni inauruhusu.

Hatua ya 10: Ongeza miaka

Hadi hapa umepima tusi moja. Barabara inatukanwa kila msimu. Ili kuona mbele, chukua silinda 12 zilizoshindiliwa kama hatua ya 4, uzizungushie wavu wa waya zisilegee, uziweke tanurini nyuzi 85 kwa saa 120. AASHTO R 30 inatumia hivyo kuzeesha lami.

Kisha gawa: tatu zibaki kavu, tatu zipitie mzunguko mmoja wa hatua ya 6 na 7, tatu mizunguko mitatu, tatu mizunguko sita. Uzito wa kushiba unalengwa mara ya kwanza tu. Mizunguko inayofuata ni friza na beseni. Vunja zote, chora uwiano dhidi ya mizunguko.

Zilizozeeka zilinganishwe na kavu zilizozeeka. Tanuri limekaza bitumi. Ukilinganisha na kavu changa unaweza kupata uwiano unaozidi 1 na ukafurahi bure.

Mstari mzuri unashuka mwanzoni halafu unalala. Mbaya unaendelea kushuka kati ya mzunguko wa tatu na wa sita. Hakuna kanuni inayokupa mpaka wa kufaulu hapa, kwa hiyo tumia mstari huu kulinganisha mchanganyiko na mchanganyiko, si kumfelisha mkandarasi.

Kama una njia ya kutuma sampuli kwenye maabara yenye mashine ya gurudumu ya Hamburg, tuma. Gurudumu linapita mara 20,000 ndani ya maji ya nyuzi 50, na mahali ambapo mstari wa kina unavunjika na kuanza kushuka ghafla ndipo bitumi ilipoanza kuachia jiwe.

Na barabarani, baada ya kila masika, toboa silinda kwenye njia ya gurudumu na nyingine katikati ya njia mbili za magurudumu. Usitazame juu, tazama chini. Maji yanakaa chini ya tabaka, na kubanduka kunaanzia huko. Uso unaweza kuonekana mzima hadi siku shimo linapofunguka.

Ikifeli

Osha kokoto kwanza. Ni bei rahisi, na kwa mawe ya hapa mara nyingi inatosha kuhamisha alama kutoka 3 hadi 1. Rudia hatua ya 1 na mawe yaliyooshwa kabla ya kununua chochote.

Bado? Ongeza chokaa iliyozimwa, asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wa mawe, ukiipaka kwenye mawe yenye unyevu badala ya kuitupa kavu kwenye mchanganyiko. Dawa za maji zinazochanganywa na bitumi, nyingi zikiwa za amini, hufanya kazi kwa nusu asilimia hivi ya uzito wa bitumi, lakini zinaungua zikikaa siku nyingi kwenye tangi la moto. Ukizitumia, chukua sampuli ya bitumi mwishoni mwa tangi, si mwanzoni, na uanze tena kutoka hatua ya 2.